Vidato Kumi na Kimoja

Jina lake nililipata barabarani,
kwenye bango refu kuliko kanisa letu:
WENDELL SKOGLUND. UMEUMIA? HULIPI MPAKA TUSHINDE.
Meno yake pale juu yalikuwa makubwa kama friji.
Mpwa wangu Arvid akapunguza mwendo,
nikaandika namba nyuma ya risiti ya dawa.

Hivyo ndivyo mtu anavyotafuta wakili hapa Duluth
mwezi Februari, mguu mmoja umebaki hospitali,
wa pili bado unadai kiatu chake.

Wa kwanza niliyempigia aliniuliza, kabla ya jina:
"Lori lilikuwa na bima?"
Mwingine alitaka saini siku ile ile,
kurasa kumi na nne, na kalamu ningebaki nayo.
Niliirudisha kalamu.
Miaka ishirini na sita nimekunja mashuka ya wagonjwa;
kitambaa kilichofuliwa haraka nakijua kwa kidole.

Basi tukaenda kwa mwenye meno.
Ofisi iko mtaa unaopanda kutoka ziwani,
kishikio cha shaba, kioo safi,
na mbele yake vidato vya mawe. Nilihesabu.
Kumi na kimoja.
Arvid akasema, "Nitakubeba, shangazi."
Nikasema, mimi si kochi.

Skoglund akashuka bila koti.
Meno ya kawaida tu, moja limemeguka.
Tukaongea pale pale kando ya njia,
chumvi ya barafu ikisagika chini ya magurudumu.

Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake:
theluthi ni yake tukishinda, tukishindwa hana chake,
ila gharama za wataalamu nimuulize nani anazibeba;
watu wa bima nisiwajibu, hata wakinijulia hali;
nitunze kila risiti, ya teksi, hata ya soksi moja.
(Soksi huuzwa mbili mbili, nikamwambia. Andika na hilo.)
Na nisikawie, kwa maana mahakama nayo hufunga mlango.

Akauliza nimepoteza nini.
Nikataja: goti, mshahara, polka ya Jumamosi,
kwenda chooni bila kupanga safari.
Aliandika yote, kila moja na bei yake,
kama muuza nyama.

Nikauliza: na hivi vidato?
"Jengo ni la zamani," akasema.
Na mimi pia.

Nilikuwa na mwalimu, hakujua hilo.
Kitanda cha jirani alilala Ofelia Quintanar,
haoni tangu utotoni, vifungu vya sheria anavikariri
kama wengine wanavyokariri namba za simu za watoto.
Usiku, mashine zikilia, alinifundisha:
iko sheria nyingine, Marlys.
Hiyo haikuulizi mguu ulikwenda wapi.
Inamgeukia mwenye mlango: umemjengea nani?
Inamwambia aondoe kikwazo
kinachoondoleka bila taabu kubwa.
"Shika hilo neno taabu," alisema,
"maana watalivuta kama mpira."

"Wateja wako hupandaje?" nikamuuliza Skoglund.
"Hupiga simu," akasema,
kisha akageuka kuvitazama vidato,
miaka kumi na tisa akivipanda
kwenda kuwatetea waliovunjika.

Sikutia saini.
Nikamwambia: kesi ya lori utaipata
siku nitakayoingia kwa magurudumu yangu.

Nyuma, uchochoroni, kumbe vidato ni vitatu tu.
Mlima wenyewe umeshapanda vingine.
Aprili wakalaza mbao, Arvid akapima na utepe:
kila inchi ya kimo, futi moja ya urefu.
Wamepunja kidogo mwishoni. Nimewaambia.

Kesi bado. Bima wamejibu kwa barua
iliyoanza na "tunasikitika."
Jana nilipofika, kijana wa vifurushi
alikuwa akisukuma toroli lake juu ya zile mbao,
anapiga mluzi, hanijui.
Akanipisha.